Sifongo ya Baharini, Dodoki au Sponji ya Plastiki: Ununue Ipi ya Kuogea?

Sifongo moja ya baharini inaweza kukugharimu fedha ambazo zingekununulia sponji za plastiki za mwaka mzima, na hapo pengine dodoki linaning'inia bure kwenye ua wa jirani yako. Mnunuzi ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Mimi nataka kuijibu kwa kuvipasua vitu vyenyewe tuone ndani, kwa sababu kimoja ni kiunzi cha mnyama, cha pili ni mishipa ya tunda, na cha tatu ni povu lililotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Jinsi kila kimoja kinavyoshika maji, kinavyosugua ngozi, kinavyokauka na kinavyochakaa, yote yanatokana na ujenzi huo wa ndani. Ukishaujua, maneno ya wauzaji hayakubabaishi.

Mwenye haraka achukue hili: kwa uso, mtoto mchanga na ngozi nyepesi, sifongo ya baharini, kwa mgongo, visigino na viwiko, dodoki, kwa sufuria na gari, sponji ya plastiki. Mwenye nafasi tuendelee.

Sifongo ni mnyama gani

Sifongo hana kichwa, moyo, tumbo, misuli wala mishipa ya fahamu. Mkubwa akishashika mwamba anabaki hapo hapo, ndiyo maana watu wa kale wengi walimhesabu kuwa mmea. Kilichoondoa shaka ni maji. Katika miaka ya 1820 daktari wa Scotland, Robert Grant, alimweka sifongo hai ndani ya chombo cha maji na kumtazama kwa darubini, akaona maji yakibubujika kutoka kwenye matundu makubwa ya mwili wake, yakirusha chembe za uchafu bila kukoma. Huyo Grant ndiye aliyelipa kundi hili jina la Porifera, maana yake wenye vitundu. Leo wataalamu wameshaeleza spishi zaidi ya 9,000, karibu zote za baharini. Chache zinaishi maji baridi, na Ziwa Tanganyika lina za kwake.

Yafuate maji njia yake yote. Ngozi ya sifongo ni tabaka moja la seli bapa lililotobolewa na vitundu vidogo mno, ostia. Maji yanaingilia hapo, yanapita kwenye mifereji inayozidi kuwa myembamba, mpaka yanafika kwenye vyumba vya mviringo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kuta za vyumba hivyo zimepangwa seli za koanosaiti. Kila koanosaiti ina mjeledi mmoja unaopiga mfululizo, na kuzunguka mjeledi kuna kola ya vinyweleo vilivyosimama karibu karibu. Mjeledi unasukuma maji, kola inanasa bakteria na chembe nyingine za chakula. Seli inameza ilichonasa na kukimeng'enya ndani yake, au inakikabidhi kwa seli nyingine zinazotambaa katikati ya mwili, kwenye tabaka la ute liitwalo mesohili. Hizi zinazotambaa, arkeosaiti, ndizo zinazogawa chakula mwilini, na mwili ukipungukiwa seli za aina fulani, zinaweza kugeuka kuwa za aina hiyo.

Maji yaliyokwisha kuchujwa yanakusanyika kwenye mifereji mipana na kutokea juu, kwenye tundu kubwa liitwalo oskulamu. Ndani ya vyumba maji huenda polepole, maana vyumba ni vingi na nafasi yake ikijumlishwa ni kubwa. Yakifika kwenye oskulamu yanabanwa na kuchomoka kwa kasi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani. Faida yake ni kwamba maji machafu yanatupwa mbali, sifongo asije akayavuta tena. Vitabu vya zoolojia hupenda kutoa mfano wa sifongo mdogo wa jenasi Leuconia: urefu sentimita 10, unene sentimita 1, vyumba zaidi ya milioni 2, na maji yanayopita mwilini mwake kwa siku moja ni lita 22 na ushee.

Kwa mnunuzi jambo hili si hadithi ya pembeni. Nyama ya sifongo ikishaoza na kuoshwa, mtandao wa nyuzi uliokuwa umeishikilia unabaki na nafasi zake, zile pana za mifereji na zile finyu mno kati ya uzi na uzi. Nafasi finyu ndizo zinazovuta maji na kuyashikilia hata ukiinua sifongo juu, na nafasi pana ndizo zinazoyaachia ukiminya.

Sifongo aliyeokotwa ufukweni hafai

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Sifongo hujijengea kiunzi kwa vitu vitatu: miiba ya silika, ambayo ni kioo hasa, miiba ya chokaa, au nyuzi za spongini, protini iliyo jamii moja na kolajeni ya ngozi zetu. Sifongo walio wengi wana miiba ya silika, mara nyingi ikiwa imechanganyika na spongini. Wa kuogea ni wachache, hasa wa jenasi Spongia na Hippospongia, ambao hawana mwiba hata mmoja wa kwao. Kiunzi chao chote ni spongini tupu.

Kwa hiyo ukikuta pwani sifongo aliyekauka, ametupwa na mawimbi baada ya upepo wa kusi, usimpeleke bafuni. Chukua kipande ukisugue taratibu juu ya karatasi nyeusi, mbali na macho yako, kisha uinamishe karatasi kwenye mwanga. Kama unga wake unameta, hizo ni sindano za kioo, na ndizo zitakazokuwasha ngozi. Ukitaka uhakika zaidi, weka kipande kidogo kwenye kisosi na ukimwagie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Klorini inakula nyama na spongini. Zikibaki sindano nyeupe chini ya kisosi, umepata jibu. Zikimwagiwa siki baada ya kusuuzwa, za chokaa zinatoa povu, za kioo zinatulia tu.

Jaribio hilo linakufundisha na jambo la pili: usiloweke sifongo yako nzuri ya kuogea kwenye klorini. Utaiyeyusha polepole huku ukidhani unaisafisha.

Miongoni mwa sifongo za kuogea zenyewe kuna uchaguzi. Spongia officinalis ina vitundu vidogo, imeshikana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa uso na kwa mtoto. Hippospongia communis, ambayo wafanyabiashara huiita sega la asali, ina mifereji mikubwa hata kidole kinaingia. Inabeba maji mengi na kutoa povu jingi kwa sabuni kidogo, ila mikononi mwa mtu anayeminya kwa nguvu inachanika mapema. Ipo pia bapa, nyembamba, iitwayo sikio la tembo, ambayo wafinyanzi wanaipenda kwa kulainishia vyungu kabla havijakauka. Ukiiona kwa bei nzuri na wewe si mfinyanzi, iache.

Anavyopatikana

Kwa muda mrefu sifongo wa kuogea walitoka Bahari ya Mediterania, na kisiwa cha Kalymnos cha Ugiriki kilijulikana kwa wapiga mbizi wake. Vazi la kuzamia lenye kofia ya chuma na mpira wa hewa lilipoingia huko miaka ya 1860, wazamiaji waliweza kukaa chini muda mrefu zaidi, na wengi walikufa au kupooza kwa sababu ya kupanda juu haraka kuliko mwili unavyoweza kustahimili. Mwanzoni mwa karne ya 20 wazamiaji wa Kigiriki walihamia Tarpon Springs, Florida, na mji huo hadi leo unauza sifongo. Bahari zote mbili ziliwahi kupigwa na magonjwa ya sifongo: Karibi na Florida mwaka 1938 na 1939, Mediterania kuanzia mwaka 1986. Sifongo wa porini alikuwa ameshavunwa sana, na ugonjwa ukamkuta hivyo.

Ndiyo maana nikiulizwa, nasema nunua wa kulimwa kama yupo. Zanzibar wapo. Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kuna mashamba ya sifongo yaliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la marinecultures.org, na wakulima wake wengi ni wanawake. Baadhi yao walitoka kwenye kilimo cha mwani, ambacho kimepata shida: mwani wa aina ya kotoni, wenye bei nzuri, haustahimili joto la maji ya kina kifupi la miaka hii, na umekufa sehemu nyingi.

Kinachowezesha kilimo hicho ni biolojia ile ile niliyoieleza. Mwaka 1907 mwanazuolojia Mmarekani, H. V. Wilson, alimkamua sifongo hai kupitia kitambaa cha hariri cha kuchekechea, akabaki na seli zilizotawanyika majini. Seli zile zilitambaa, zikatafutana, zikaungana, na baada ya siku kadhaa zikawa sifongo wadogo wenye mifereji yao. Mnyama mwenye uwezo huo hasumbuliwi na kukatwa. Mkulima anakata vipande kutoka kwa sifongo mzima, anavitunga kwenye kamba iliyofungwa ndani ya maji ya wangwa, na kila kipande kinapona jeraha na kuwa mnyama kamili. Halishwi kitu, hawekewi mbolea wala dawa. Chakula chake kinaletwa na maji. Kazi kubwa ya mkulima ni kupita mara kwa mara kusafisha kamba na sifongo, kuondoa majani ya bahari na viumbe vingine vinavyoota juu yao na kuziba vitundu. Baada ya miezi mingi anavuna, na vipande vya mbegu vinatoka kwenye shamba lake mwenyewe.

Baada ya kuvunwa nyama inaachwa ioze, sifongo anakamuliwa na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha anaanikwa. Hatua ya kuozesha inanuka vibaya na haina njia ya mkato. Inabaki sifongo ya rangi ya kahawia au asali. Zile za manjano mpauko unazoziona madukani zimeng'arishwa kwa dawa. Zinapendeza machoni, lakini nyuzi zimedhoofika. Mimi huchukua ya kahawia.

Dodoki

Dodoki ninalolisema hapa ni lile la mmea, si wavu wa nailoni unaouzwa kwa jina hilo hilo. Ni tunda la Luffa, jamii moja na tango, boga na mumunye, lenye kutambaa juu ya ua na kutoa maua ya manjano. Likiwa changa watu hulipika. Likiachwa lizeekee juu ya mti, mishipa iliyokuwa ikisafirisha maji na chakula ndani ya tunda inakakamaa kwa selulosi na lignini, vitu vinavyoupa ubao ugumu wake, nyama inasinyaa, ganda linakuwa kahawia na jepesi. Unaliloweka, unalimenya, unatikisa mbegu nyeusi zitoke, na umepata kifaa cha kuogea bila kutoa hata senti.

Lipasue kwa mapana utaona tofauti yake na sifongo mara moja. Nyuzi zake ni nene na ngumu, uwazi kati yake ni mkubwa, na katikati kuna vyumba virefu vilivyokuwa na mbegu. Maji yanapita na kuchuruzika, halihifadhi mengi. Lakini kwa kuondoa nongo mgongoni na kulainisha visigino halina mshindani, isipokuwa kumbi la nazi, ambalo kwa ngozi yangu ni kali mno. Usilitumie kwa mtoto mchanga, usilipitishe usoni, wala mahali palipo na chunusi zilizopasuka au jeraha.

Sponji ya plastiki

Nyingi ni poliurethani, plastiki ambayo kemia yake ilibuniwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Malighafi zikichanganywa zinatoa gesi, gesi inapiga mapovu, mapovu yanaganda yakiwa yamepasukiana. Vitundu vyake vinakaribiana kwa ukubwa, na plastiki yenyewe haina hamu ya maji: inayavuta kwa kuminywa na kuachiwa, nayo yanavuja upesi. Kwa sabuni ya vyombo inatosha kabisa. Ubaya wake ni mwisho wake. Inaanza kumeguka, vipande vinakwenda na maji ya sinki, na kwa sisi wa pwani safari hiyo haina kituo kingine ila baharini, wanakoishi hao hao wachujaji niliowaeleza.

Ukikutana na sponji ngumu kama kipande cha ubao ikiwa kavu, lakini inavimba na kulegea ikilowa, hiyo ni ya selulosi ya miti. Inaoza, inashika maji vizuri, na jikoni ningeichukua kabla ya ile ya plastiki.

Viwekwe ubavu kwa ubavu

Kwa ulaini, sifongo iliyolowa inazishinda zote, na tofauti unaisikia mara ya kwanza tu ikigusa uso. Kwa kushika maji, sifongo tena. Hili lina maana kwa anayeoga kwa ndoo: sifongo iliyojaa inabeba maji ya kusuuza bega zima kwa mkamuo mmoja, wakati dodoki linakufikia likiwa limeshapoteza nusu yake njiani. Kwa kusugua, dodoki. Kwa bei, dodoki la uani, kisha plastiki, na sifongo inabaki nyuma sana.

Kwa vijidudu, hapa sikubaliani na wauzaji wa sifongo wanaodai kwamba inaua bakteria yenyewe. Ulicho nacho mkononi ni kiunzi kilichokufa, na kikibaki na unyevu na mabaki ya ngozi, bakteria watakaa. Dodoki ni hivyo hivyo: mwaka 1994 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dodoki la kuogea linaweza kuhifadhi bakteria wa Pseudomonas na kuwapeleka kwenye ngozi ya mtu. Plastiki nayo haisalimiki. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichunguza sponji 14 za jikoni zilizokwisha kutumika, wakakuta sehemu nyingine zina bakteria zaidi ya bilioni 50 katika kila sentimita ya ujazo. Kinachotofautisha ni namna ya kukausha na kusafisha. Dodoki lina uwazi mkubwa, linakauka haraka kuliko zote likitundikwa, na linavumilia kuchemshwa dakika chache. Sifongo haivumilii: spongini ni protini, maji ya moto sana yanaikaza na kuikunja. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kuokea, ikamue kwa kuiminya bila kuisokota, uitundike penye upepo. Msimu wa masika, bafu lisilo na dirisha halifai kuhifadhi hata kimoja kati ya hivi vitatu. Toa nje.

Kwa kudumu, sifongo ya kahawia inayotunzwa inaweza kupita mwaka na zaidi, dodoki nalibadilisha kila baada ya wiki chache kwa kuwa halinigharimu, na sponji ya plastiki ikianza kunuka au kumeguka haina la kusubiri. Mgonjwa wa upele au fangasi asitumie hata kimoja. Mpatie kitambaa cha pamba kinachochemshika, na kiwe chake peke yake.

Kuna watu wanaosita kwa sababu sifongo ni mnyama. Nawaheshimu, na dodoki lipo kwa ajili yao. Kwa upande wangu, mnyama asiye na neva, anayeoteshwa kwa vipande na kusafisha maji muda wote anaokua, ananipa utulivu zaidi kuliko kipande cha plastiki.

Ukifika dukani

Sifongo ya kweli ikiwa kavu ni ngumu kidogo na inakwaruza. Ikilowa inalegea na kuongezeka ukubwa. Ya plastiki iliyotiwa rangi ya asali ni ile ile, kavu au mbichi. Angalia vitundu: vya mnyama vinatofautiana, vikubwa juu palipokuwa na oskulamu, vidogo ubavuni, na chini kuna alama ya pale aliposhikilia au alipokatwa. Muuzaji akikuruhusu, chomoa uzi mmoja uuchome. Spongini inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Plastiki inayeyuka na kudondoka.

Uliza imetoka wapi, kama ni ya shambani au ya porini. Nunua moja kubwa badala ya tatu ndogo, kwa sababu inakatika vizuri kwa mkasi ikiwa imelowa, na familia nzima inaweza kugawana kila mtu na kipande chake. Ukifika nyumbani iloweke kwenye beseni usiku mmoja kabla ya kuitumia. Mchanga na vipande vya makombe vilivyokwama ndani vitashuka chini. Mwaga, jaza maji mengine, urudie mpaka beseni libaki safi, kisha ndipo umwogeshe mtoto.